Kigelegele cha Mama Orpa

Siku niliyomwona Mama Orpa kwa mara ya kwanza, alikuwa anakimbia na mtoto wa watu.

Ilikuwa Jumamosi, mbele ya kanisa letu la Butembo, upande ule wa mtaa unaotelemka kuelekea mto Kimemi. Nilikuwa nimeleta mlango mpya wa sakristia, nimeuegemeza ukutani, ninangoja arusi iishe ili niufunge. Maarusi wakatokea. Wanawake wa kwaya wakaweka viganja midomoni, wakaachia vigelegele wote kwa pamoja, vile vikali vinavyopanda mpaka unahisi meno yanawasha. Hapo mwanamke mmoja mwembamba, mwenye kitenge cha kijani, aliyekuwa amekaa pembeni ya ngazi, aliruka. Hakugeuka kuangalia. Alimshika mkono mtoto wa kike aliyesimama karibu yake, akampandisha kiunoni, akatelemka mtaa mbio, kichwa ameinamisha kama mtu anayepita chini ya matawi.

Mimi nilikuwa kwenye njia yake. Alinigonga, mlango ukaanguka, naye akaanguka goti juu ya mlango, mtoto bado yuko kiunoni.

“Ukimbie!” aliniambia. “Unasimama sababu ya nini? Ukimbie!”

Mimi si mtu wa maneno, hasa mbele ya wanawake. Siku ile maneno yalitoka.

“Mama, ni bigelegele. Ni arusi tu.”

Alinitazama, kisha akasikiliza, kama mtu anayeonja mchuzi kujua umetiwa nini. Mama wa mtoto alikuwa amekwisha kufika, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

“Leta mutoto yangu! Unamupeleka wapi? Mwizi wa batoto!”

“Unisamehe, mama. Nilizani…” Hakumaliza.

Watu walicheka sana. Mwanakwaya mmoja akapaza sauti kutoka kwenye ngazi: “Kumbe tunapiga mubaya mpaka batu banakimbia!” Orpa mwenyewe akacheka kidogo, kwa aibu, akapangusa kitenge chake na kuondoka. Kwenye mbao mpya ilibaki alama ya tope, umbo la goti. Niliipiga msasa kabla ya kuufunga mlango. Sikuipiga mpaka ikaisha.

Baada ya majuma machache alipanga chumba nyuma ya karakana yangu. Ukuta wa mbao tu ulitutenganisha. Mimi ni mgane wa miaka mingi, watoto wangu wamekwisha kuoa na kuolewa, na nilikuwa nimezoea kusikia randa na msumeno, basi. Sasa nikasikia sufuria za mtu mwingine, na kikohozi chake cha asubuhi, na polepole nikapata kujua habari zake.

Alizaliwa katika kijiji karibu na Mbau, kwenye barabara inayotoka Beni kwenda Oicha. Aliolewa hukohuko, yeye na mumewe wakapanda kakao. Mume aliuawa shambani katika miaka ile mibaya ya waasi. Orpa alikimbilia Beni, kisha akaja huku kwetu. Hayo aliyasema mara moja, kwa sauti ya kawaida, akiwa anachambua maharagwe, na hakuyarudia tena.

Alilolirudia ni jambo la vigelegele. Zamani yeye ndiye alikuwa anaitwa kupiga. Mtoto akizaliwa, Orpa aje. Padri mpya akifika, Orpa aje. Walimwita hata Oicha, hata Kamango kule mpakani, na walimkatia kitenge cha kwenda nacho. Lakini hali ilipoharibika, wanawake wa kijiji chake walikubaliana wenyewe kuacha. Maana kwa mtu aliye shambani, ng'ambo ya pili ya bonde, kigelegele na yowe ni kitu kimoja. Vyote viwili humfikia vimechujwa na majani, imebaki ile ncha kali tu. Siku moja mtoto alizaliwa, nyanya yake akapiga kwa furaha, na watu wa mashamba yote wakaingia msituni. Mzee mmoja akavunjika mguu. Tangu siku ile sauti ya juu ikaachiwa hatari peke yake, na furaha wakaipigia makofi.

“Kwetu bibi-arusi anaingia na makofi,” aliniambia. “Pa, pa, pa. Sawa batu banafukuza kuku.”

Kwa hiyo pale kanisani hakukimbia kwa ujinga. Alikimbia kwa sababu masikio yake yalikuwa yametii muda mrefu.

Alijilisha kwa kufuga kobayi. Ni wale simbilisi wadogo wasio na mkia, ambao kwetu hukaa jikoni na kuliwa siku ya mgeni. Niliwajengea nyumba kwa vipande vya mbao vilivyonibakia, ghorofa mbili, na mlango wenye bawaba ndogo. Mtu asiyewafahamu angesema ni wanyama bubu. Lakini wakisikia hatua za yule anayewaletea majani, hupiga unyende wote kwa mara moja, wiiik, wiiik, sauti nyembamba inayopanda, kama bawaba iliyokosa mafuta.

Hilo neno, unyende, nilikuwa silitumii. Mimi nilikuwa na neno moja tu, kulia. Mbuzi analia, mtoto analia, mlango unalia. Orpa alikuwa na neno kwa kila kimoja, mengine kwa Kinande, mengine kwa Kiswahili cha kwao, nami nilikuwa nikiyatafutia yanayolingana nayo katika Kiswahili changu. Kuku aliyetaga hutetea. Mtoto aliyemaliza machozi hubaki na kwikwi. Mwanamke anayemwita mwenzake upande wa pili wa bonde hupiga ukemi, na anayetaka watu waje kumwokoa hupiga ukunga. Yule aliyeona jambo na hana hata nafasi ya kumwita mtu, lake ni yowe.

Siku moja mtu alipita mbele ya karakana anavuta nguruwe kwa kamba. Nguruwe alipiga kelele mpaka nikaacha kuranda.

“Masikini, anaumia,” nilisema.

“Anaumia wapi?” Orpa alikuwa mlangoni na kikapu. “Ile ni hasira tu. Anakatala kamba. Ule wa kuumia, sauti yake inakatika katikati.” Kisha akaniangalia. “Na weye, Papa Malachie, unaliaka namna gani?”

“Miye? Siliake.”

“Njo maana. Uko sawa na randa yako. Bila mubao, hakuna sauti.”

Alikwenda zake akicheka. Hakuna aliyekuwa amenitania hivyo tangu mke wangu afariki. Niliendelea kuranda ubao ule mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa kazi niliyokuwa nimeukatia.

Hapo ndipo nilipoanza kukitamani kigelegele chake. Niliwaza siku nitakapotuma watu wangu kwa watu wake, nao wakubali, naye aweke kiganja mdomoni na kukiachia, cha kwanza baada ya miaka yote ile, kwa ajili yangu. Sikutaka kingine. Mtu mwingine angekipata kabla yangu, niliona ningeshindwa hata kula. Lakini kumwambia, hilo sikuweza. Nilikuwa nikiyapanga maneno vizuri nikiwa na msumeno, na akitokea mlangoni nasema, “Leo kuna jua.”

Ndipo akaja Mwalimu Éphraïm.

Alitoka Kindu, ameletwa kufundisha Butembo, akapanga nyumba juu ya mtaa wetu. Mrefu, sauti nzito, meno yote mahali pake. Wakati wa mvua mtaa wetu unakuwa kama sabuni, basi mwalimu alivaa mabuti ya mpira, na viatu vyake vyeusi aliviweka kwenye mfuko mpaka afike shuleni. Kila asubuhi alipita, pwap, pwap, pwap. Na kila alipopita, kobayi wa Orpa walipiga unyende.

Mwanzoni sikujali. Kisha nikapita mimi. Kimya. Nikarudi, nikapita tena, polepole, na ndara zangu za tairi. Kimya. Mimi niliyewajengea ghorofa mbili hawakunipa hata mlio mmoja, na yule mtu wa Kindu wakampigia kwaya nzima.

Nikafikiri kama fundi anavyofikiri, hatua kwa hatua. Kobayi hamlilii mtu bure. Anamlilia anayemlisha. Basi mwalimu anawalisha. Na nyumba yao iko jikoni kwa Orpa, nyuma ya pazia. Basi mwalimu anafika nyuma ya pazia.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Nilianza kuangalia mikono ya mwalimu kama ina rangi ya majani. Siku moja nikaona mbegu za nyasi zimeng'ang'ania suruali yake, na moyo ukaniwaka, ingawa mtaa mzima umejaa nyasi na suruali yangu mwenyewe ilikuwa nazo. Wakisalimiana nje, nilikuwa naacha kupiga nyundo ili nisikie.

“Mama Orpa, kobayi zako zananipenda kupita banafunzi yangu!”

“Maître, ni sababu unatembea muzuri!”

“Donc mutu akitembea muzuri, anapendwa?”

“Na kobayi, ndiyo!”

Na kicheko. Kicheko cha Orpa nilikuwa nakijua, kinaanza puani. Nilikuwa naona ni changu.

Halafu mwalimu akaingia karakana yangu, akainamisha kichwa asigonge boriti, akasema anataka kitanda.

“Kikuwe kikubwa, Papa Malachie. Cha batu babili. Mais kikuwe na nguvu, eh? Hapana kulialia.”

Kitanda cha watu wawili, kisicholia, na mimi ndiye wa kukitengeneza, upande huu wa ukuta, wakati Orpa anaimba upande ule. Nilipokuwa nakata mbao za ubavuni, msumeno ulinishauri nipunguze upana, kimtoshe mtu mmoja na nusu. Sikupunguza. Mti ulikuwa mzuri, haukuwa na kosa.

Nilichofanya ni hiki. Nilikwenda sokoni nikanunua mabuti ya mpira, rangi ileile ya kwake. Nikangoja mpaka Orpa aende bondeni kukata majani. Nikayavaa, nikapita mbele ya mlango wake, pwap, pwap, pwap.

Wiiik! Wiiik! Wiiik!

Sijui niseme nini juu ya furaha ile. Nilirudi nikapita tena. Walinipigia tena. Nilisimama pale mlangoni natabasamu peke yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, nasikiliza wanyama wa jikoni wakiniita. Nilipogeuka, Orpa alikuwa nyuma yangu na mzigo wa majani kichwani.

Aliangalia miguu yangu. Akaangalia miguu yake. Naye alikuwa amevaa mabuti ya mpira, kwa sababu kule bondeni kando ya Kimemi huwezi kukata majani na viatu vingine. Alikuwa anayavaa kila siku aendapo, na mimi nilikuwa nimeyaona kila siku, na sikuwahi kuyafikiri hata mara moja.

Alicheka mpaka mzigo ukaanguka.

“Papa Malachie! Umevaa mabote ya kudanganya banyama yangu?”

“Ni juu ya matope,” nilisema.

Jua lilikuwa kali. Mtaa mzima ulikuwa umekauka.

“Banalilia mabote,” alisema akijifuta macho. “Banaona ni miye. Hata polisi akipita na mabote, batamulilia. Weye ulizani ni nini?”

“Nilizani ni mwalimu.”

“Mwalimu anafanya nini?”

“Anabalisha.”

Hapo aliacha kucheka. Aliokota majani, akaingia, akaanza kuyagawa, na kobayi wakanyamaza mmoja mmoja kadiri midomo ilivyopata kazi. Alisema bila kugeuka: “Mwalimu anaoa mwezi unakuja. Bibi yake, Audrey, anatoka Kindu. Kile kitanda unatengeneza, ulizani ni cha nani?”

Alikuwa ameelewa, na mimi nilijua kwamba ameelewa, na angekuwa mtu mwingine mahali pangu, angesema papo hapo.

Arusi ya mwalimu ilifanyika kanisani petu. Nilisimama nyuma, karibu na mlango wa sakristia, mahali ambapo ningemwona Orpa vizuri. Safari hii hakukimbia. Wanawake walipopiga vigelegele alifumba macho, akabaki. Mwanakwaya mmoja akamsukuma bega: “Orpa, piga! Balituambia weye njo fundi! Unafichia nani?” Orpa akapiga makofi. Pa, pa, pa. Mwalimu alimpenda sana jirani huyu, na alipata makofi tu. Nilitoka pale nafsi yangu imetulia, kama mtu aliyekuta mlango wake bado una kufuli. Kigelegele kilikuwa bado kimo ndani yake, hakijachukuliwa na mtu.

Nikaendelea kuvaa mabuti. Asubuhi nilikuwa nashuka bondeni mwenyewe, nakata majani, namletea. Kobayi walinililia kila siku, Orpa alinipa chai, tulikunywa kimya au tuliongea habari za jogoo wa jirani, ambaye kwa masikio yake alikuwa hawiki, anagombana. Niliazimia kusema mvua zikiisha.

Delphin alikuja kabla mvua hazijaisha.

Sikumsikia, na kobayi hawakulia. Nilifika na mzigo wangu wa majani, nikakuta mwanamume amekaa juu ya kigoda nilichomtengenezea Orpa, anakunywa chai, miguuni raba nyepesi za kitambaa. Mtu wa miaka arobaini hivi, uso wa shamba, mpole.

“Wabukire, papa,” alinisalimu kwa Kinande, akasimama kunipokea mzigo. Hata kumchukia kulikuwa kazi.

Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Orpa. Alikuwa amerudi mapema kijijini, akapalilia kakao ya kaka yake pamoja na ile ya kwake, akaezeka upya nyumba. Aliyasema hayo kwa shemeji yake huku mimi nikiwa nimesimama, nasugua tope kwenye buti moja kwa buti la pili.

“Na batu?” Orpa aliuliza.

“Batu banarudia. Mbele ya kukuja huku tulibatizisha mutoto wa Gamaliel, jirani yetu. Pale mulango ya kanisa, bamama balipiga bigelegele.”

Orpa aliweka kikombe chini.

“Balipiga?”

“Balipiga. Hakuna mutu alikimbia, shemeji. Batu ba kwa mashamba balisimama tu na majembe yabo. Bengine banalia.”

Mkono wa Orpa ulipanda wenyewe mpaka mdomoni. Kiganja kikakaa pale panapostahili, kidogo upande, vidole vimelegea. Sauti haikutoka. Lakini nilikiona kigelegele chote, jinsi kilivyokuwa kimekaa tayari nyuma ya kile kiganja, na niliona hakikuwa kinatazama upande wangu.

Delphin alikuwa hajaoa. Kwao, kama kwetu, mdogo wa marehemu anaweza kumchukua shemeji yake, mwanamke mwenyewe akikubali. Alilisema jambo hilo mbele yangu, bila kubadili sauti ile aliyosemea kakao.

“Nyumba iko, shemeji. Na miye niko.”

Na miye niko. Ni hayo tu. Maneno niliyokuwa nayatafuta tangu siku ya mlango wa sakristia, mtu wa raba aliyatoa kabla chai haijapoa. Wivu niliomwonea mwalimu ulikuwa wa kelele, nikisikia hatua tu unaamka. Huu haukuwa na sauti. Ulikaa kifuani kama ubao mbichi, mzito kwa maji yake.

Dereva mmoja wa njia ya Beni aliniambia baadaye kwamba Orpa na Delphin walifunga ndoa Mbau, na kwamba bibi-arusi alipotoka kanisani hakungoja wanawake wengine. Alisimama kwenye ngazi akapiga mwenyewe. Anasema malori yaliyokuwa yanapita barabarani yalijibu kwa honi. Nilimwuliza kilikuwaje hicho kigelegele.

“Papa, ni kigelegele tu,” akasema. “Sawa bigelegele yote.”

Ningeweza kumpiga. Alikuwepo, akakisikia, na hakukisikiliza.

Mimi Orpa nilimwona mwisho siku aliyoondoka, kwenye kituo cha magari ya Beni. Nilimbebea mfuko. Delphin alikuwa juu ya gari anafunga mizigo kwa kamba. Watu walikuwa wanauza mikate na maji, makonda walikuwa wanaita abiria kwa mbinja, na ndani ya kelele ile niliona naweza kusema, kwa sababu hakuna atakayesikia ila yeye.

“Mama Orpa, upige mara moja. Mbele ya kuenda.”

“Nipige nini?”

“Kigelegele.”

“Hapa? Batu batasema nini?”

“Mara moja tu. Nikisikie.”

Hakucheka. Alinitazama kwa uso wa siku ile aliponiambia nikimbie. Kisha akainua kiganja, akakiweka mdomoni, akavuta pumzi, kifua kikapanda. Akashusha mkono.

“Hapana, Papa Malachie. Kikitokea hapa, kule nitafika na nini?”

“Delphin njo atakisikia,” nilisema.

Hakukana. Alichukua mfuko wake mkononi mwangu, akautazama kama unamwambia jambo, akapanda. Kobayi wote alikuwa ameniachia mimi, na nyumba yao ya ghorofa. Gari lilipowasha injini nilisogea dirishani, nikataka angalau ajue kwamba watakuwa salama. Nikamwambia nitavaa mabuti kila siku, walie kama walivyomzoea.

Alitoa kichwa dirishani.

“Mabote hapana, Papa Malachie. Ubaendee na sandali zako. Batakuzoea.”